Kangaga, neti au migomba: kivuli kipi kwa miche ya kahawa Bukavu?

Mwezi wa tano ukielekea kwisha na mvua zikaanza kukatika, kila anayekuza miche ya kahawa huku Kabare na Walungu, karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo, hutazama paa la pepinieri yake, yaani kitalu cha miche, na kujiuliza kama litafika mwezi wa tisa. Juma lililopita mama mmoja wa njia ya Kavumu alinijia na swali ameshalipanga: "Mwalimu, nina pesa ya kitu kimoja tu. Ninunue neti, au nirudie kangaga kama zamani? Au miche niipeleke chini ya migomba, nisitoe hata franka moja?"

Neti ni wavu wa kutia kivuli; kangaga ni ile mimea ya vilimani yenye majani marefu ya vijani vidogo vingi. Nikamwuliza: "Mama, miche ikitoka hapo itaenda kukaa wapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema shamba lake liko kilimani, peupe, halina mti hata mmoja.

Hapo ndipo ulinganisho wote unapoanzia. Wengi hulinganisha vivuli kwa bei na kwa ubaridi: hiki kinafunika vizuri, kile kinavuja. Mimi navilinganisha kwa jambo jingine: kivuli hiki kitamtoaje mche gizani na kumfikisha kwenye jua? Jua kali peke yake huua miche michache. Kinachoua mingi ni jua lililokuja ghafla.

Kinachotokea ndani ya jani

Kahawa ya arabika ni mtoto wa msituni. Asili yake ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, chini ya miti mikubwa, na jani lake bado lina tabia ya huko. Saa sita mchana, mbingu ikiwa wazi, jani la kahawa linaweza kutumia kama theluthi tu ya mwanga unaolipiga, mara nyingi hata chini ya hapo, kutengenezea sukari. Unaobaki unaingia vilevile, maana jani halina kope za kufumba. Pita kwenye maharage yako saa saba mchana uone: majani yameinuka yakasimama, yanalipa jua ukingo badala ya uso. Kahawa haina wepesi huo.

Sasa ule mwanga wa ziada unaenda wapi? Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, ikishaunasa, imebeba nishati ambayo lazima ikabidhiwe mtu. Njia ya sukari ikiwa imejaa, nishati huangukia jirani wa karibu, na jirani huyo ni oksijeni, ambayo jani lenyewe linaitoa mchana kutwa. Oksijeni iliyopokea nishati hiyo hugeuka kuwa kali na kuanza kuunguza mafuta na protini zilizo karibu nayo. Kwingine ndani ya jani, elektroni zilizokosa kazi hurukia oksijeni na kufanya superoksidi, ambayo hugeuka kuwa hidrojeni peroksidi, ile ile inayotoa povu tukioshea kidonda. Kwa hiyo jani linalochomwa na jua haliungui kwa joto kama chapati kwenye kikaango. Linaunguzwa na oksijeni yake lenyewe.

Waliowahi kutumia dawa ya magugu ya parakwati wameliona jambo hili kwa macho. Dawa hiyo hupokonya elektroni ndani ya jani na kuikabidhi oksijeni. Ukiipulizia jioni, usiku jani linakaa kimya. Jua likipanda kesho yake, ndipo linaponyauka na kukauka. Mwanga ndio unaoifanyisha kazi.

Mmea hautulii tu kungoja kuungua. Ulinzi wake wa kwanza ni breki. Mwanga ukizidi, asidi hujikusanya ndani ya tando za kloroplasti, vile vijumba vya kijani vya jani, rangi moja ya njano iitwayo violaksanthini hubadilishwa ndani ya dakika chache kuwa nyingine iitwayo zeaksanthini, na nishati ya ziada huanza kutolewa kama joto dogo lisilo na madhara, kabla haijafika kwa oksijeni. Mabadiliko hayo ya rangi yalielezwa na Harry Yamamoto na wenzake mwaka 1962. Mwaka 1987 Barbara Demmig na wenzake wakayahusisha na utoaji wa joto. Na mwaka 2000 kundi la Krishna Niyogi likaonyesha kwamba bila protini iitwayo PsbS breki hiyo ya haraka haishiki. Hiyo zeaksanthini si mgeni kwetu. Jina lake limetokana na jina la kisayansi la mmea wa mahindi, Zea mays, na ndiyo mojawapo ya rangi zinazoyapa mahindi ya njano unjano wake. Napenda kuwaambia hivyo watu wa pepinieri, kwa sababu mtu akishajua kwamba ndani ya jani la kijani kuna njano ya mahindi inayolinda nyumba, haangalii tena mche kama kijiti cha kumwagilia maji tu.

Breki ikishindwa, kuna wazima moto: karotinoidi, rangi za jamii ya ile njano, zinazotuliza oksijeni kali papo hapo, vitamini E ndani ya tando, na vitamini C ikishirikiana na vimeng'enya vinavyogeuza superoksidi na peroksidi kuwa maji. Na hao wakielemewa, kuna mafundi. Ndani ya mtambo wa jani unaopasua maji kwa nguvu ya mwanga kuna protini moja iitwayo D1, ambayo huharibika kila siku ya jua, hata kwenye jani lenye afya kamili. Jani huing'oa iliyoharibika na kuweka mpya, kutwa nzima. Mradi ukarabati uende mbio kuliko uharibifu, wewe huoni kitu. Ukarabati ukiachwa nyuma, jani hupungua nguvu kwanza bila dalili; wenye kifaa cha kupima mwangaza unaorudishwa na klorofili wangeona kipimo kimeshuka chini ya takribani 0.83, kiwango cha jani lenye afya la mimea mingi. Sisi tusio na kifaa tunaona baadaye, jani likishapauka.

Na mafundi hao wanataka mshahara. Wanataka nitrojeni, maji, na vuguvugu. Hapa Bukavu tuko kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari na zaidi. Vilima vyetu vinapokea miale mingi zaidi ya urujuanimno, ile mikali ya jua isiyoonekana, kuliko nchi za chini, na usiku wa mwezi wa saba ni wa baridi. Asubuhi jua linatoka safi wakati jani bado limepoa na mafundi wake wana mikono mizito. Ndiyo maana kiangazi chetu kinaumiza miche hata siku ambazo mtu amevaa koti.

Jambo la mwisho kuhusu jani, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: jani lililojengwa gizani haligeuki kikamilifu kuwa jani la juani. Linaweza kuongeza breki na wazima moto kiasi fulani kwa siku chache, lakini unene wake na mpangilio wake vimeshaamuliwa. Jani jipya, linalofunguka mwanga ukiwa umeongezeka, ndilo linalojengwa tayari kwa mwanga huo. Kwa hiyo kumzoesha mche jua hakuhesabiwi kwa siku. Kunahesabiwa kwa jozi za majani.

Neti dhidi ya kangaga

Nilijifunza hayo kwa hasara. Mwaka mmoja nilikuwa na miche zaidi ya mia sita chini ya neti nyeusi ya asilimia 70, yaani inayozuia asilimia 70 ya mwanga, niliyoazimwa. Mwezi wa saba mwenye neti akaja kuichukua, nami nikaikunja yote asubuhi moja nikampa, nikijisemea kwamba miche imekomaa. Siku ya nne niliinama kwenye mfuko mmoja. Jozi ya juu ya majani ilikuwa na doa la njano nyeupe, kavu kama karatasi iliyomwagikiwa maji ya moto ikaanikwa. Nikainua jani hilo. Juu ya jani la chini yake, katikati ya weupe, palikuwa na umbo la jani lile la juu, kijani kibichi, hadi kwenye ncha, kana kwamba mtu amelichora kwa kalamu. Pale kivuli kidogo cha jani moja kilipoangukia, jani jingine lilipona. Nilikaa pale muda mrefu. Miche mingi haikufa, lakini ilisimama bila kukua mpaka ilipotoa majani mapya, na msimu wa kupanda ukanipita.

Sisemi hivyo kuilaumu neti. Neti ina sifa zake. Kivuli chake ni sawasawa toka kona hadi kona, mvua inapita bila kudondoka kwa matone makubwa yanayochimba udongo kwenye sashe, ile mifuko ya miche, inatumika misimu kadhaa, na unajua unachonunua kwa sababu asilimia ya kivuli inatajwa. Kwa miche ile midogo kabisa, iliyo bado "askari", mbegu imebebwa juu ya kijiti, au iliyofungua tu yale majani mawili ya "kipepeo", neti ya asilimia 50 ni kivuli kizuri ambacho sina neno nacho. Ubaya wa neti ni kwamba haibadiliki. Siku ya kwanza asilimia 50, siku ya mia na themanini asilimia 50, na siku ya mia na themanini na moja umeitoa: sifuri. Jani linaamka kwenye mwanga maradufu wa ule liliojengewa. Na neti ya asilimia 70 ni mbaya zaidi, kwa sababu hapo mwanga unaruka mara tatu na zaidi kwa siku moja.

Kangaga ni kinyume chake. Unakata majani yake kilimani, unayalaza juu ya fito za mikaratusi au matete, na mwanzoni kivuli ni kizito. Kisha yanakauka. Vijani vidogo vinaanza kupukutika kimoja kimoja, wiki baada ya wiki, na matundu ya jua yanafunguka juu ya miche bila wewe kugusa kitu. Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya kahawa kabla sijazaliwa aliniambia: "Mwanangu, usiongeze kangaga mpya kila linapopukutika. Liache lifanye kazi yake." Wakati ule nilidhani ni uvivu wa uzee. Leo naona alikuwa anaeleza kwa lugha ya fito na majani jambo lile lile la jozi mpya kujengwa kwa mwanga unaopanda polepole. Kangaga linalooza juu ya paa ni kivuli kinachojipunguza chenyewe.

Kasoro zake zipo na si ndogo. Kivuli chake hakina usawa. Kona moja itaungua kabla ya nyingine kuona jua, kwa hiyo mifuko lazima ihamishwe-hamishwe. Upepo wa mchana unaotoka ziwani unalitawanya usipolifunga kwa kamba za migomba. Likikauka sana ni kuni: moto wa kusafisha shamba la jirani ukiruka, umepoteza paa na miche. Na linataka mikono ya kwenda kulikata na kulibeba. Kwa mwenye miche elfu ishirini hesabu hiyo inaweza kuzidi bei ya neti. Kwa mwenye miche mia tano au elfu mbili, haizidi.

Kama tayari una neti, usiitupe. Ifanye iige kangaga. Weka tabaka mbili mwanzoni, kisha toa moja. Au ikunje nusu kila siku kuanzia saa kumi jioni, jua likiwa limelegea, halafu kuanzia saa tisa, halafu saa nane, ukisogea kila miche inapoonyesha jani jipya. Siku za mawingu ni zawadi; zitumie kufungua. Usianze kufungua asubuhi ya baridi yenye jua kali.

Chini ya migomba

Hapa watu wengi watanipinga, kwa sababu Idjwi na Kalehe, kwenye Ziwa Kivu, kahawa na mgomba ni ndugu wa siku zote, na mimi mwenyewe nimekunywa kahawa nzuri kabisa iliyotoka chini ya migomba. Lakini shamba ni kitu kimoja na pepinieri ni kitu kingine.

Kivuli cha mgomba hakitulii. Jani limechanwa na upepo, jua linapita kwenye nyufa, linampiga mche kwa dakika moja, linatoweka, linarudi. Kumbuka ile breki: inashika upesi lakini inachelewa kuachia. Jua likimulika, jani linabana. Kivuli kikirudi, jani bado linatupa nishati kama joto kwa dakika kadhaa ingawa sasa lina njaa ya mwanga. Hasara hiyo si ndogo kama inavyoonekana. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Stephen Long wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walionyesha kwamba tumbaku iliyofanywa iachie breki upesi zaidi iliongeza uzito wa mmea kwa takribani asilimia 15 shambani. Mche wako chini ya mgomba unalipa kodi hiyo kila wingu linapopita na kila jani linapotikisika. Hauungui, lakini unakua polepole, tena ukigombania maji na mizizi ya mgomba iliyo juu juu.

Faida yake ni kwamba hugharamii kitu, na jani lililolelewa kwenye mwanga wa kuja na kwenda lina uzoefu wa kubana na kuachia kuliko lile la chini ya neti tulivu. Kama shamba lako ni la migomba na kahawa itaenda kukaa humo humo, pepinieri ya chini ya migomba ina mantiki: mche unahamia kwenye mwanga wa aina ile ile.

Ila kuna hatari moja ambayo sisi wa Kivu hatuwezi kuisahau. Mnyauko wa bakteria ukiingia kwenye migomba, unaweza kulazimika kukata na hata kung'oa. Nimeona bustani iliyokuwa na kivuli Jumatatu ikawa uwanja Ijumaa. Kahawa iliyokuwa chini inapata jua lote kwa mkupuo, na majani yake yanapauka wiki ile ile, watu wakidhani ugonjwa wa migomba umehamia kwenye kahawa. Haujahamia. Ni jua la ghafla. Ukilazimika kukata migomba, simamisha fito na matawi juu ya miche siku hiyo hiyo.

Bila kivuli kabisa?

Inawezekana. Brazili kuna mashamba makubwa ya arabika yasiyo na mti hata mmoja. Mche uliokua juani toka majani ya kwanza hutoa majani madogo, manene, yenye akiba kubwa ya njano na wazima moto. Lakini mafundi wa D1 wanataka nitrojeni, na mche usio na nitrojeni ukiwekwa juani hugeuka njano upesi. Kama huna samadi iliyoiva vizuri ya kutosha na maji ya uhakika kiangazi kizima, usijaribu. Sijamwona mtu wa hapa aliyefanikiwa kwa mfuko wa udongo mtupu.

Wekundu wa majani machanga usiwatishe. Parachichi na maembe yetu hutoa majani mekundu yanayogeuka kijani yakikomaa, na baadhi ya arabika zina vilele vya rangi ya shaba. Rangi hiyo ni pazia linalopunguza mwanga mpaka mtambo wa ndani ukamilike. Doa jeupe linaloanzia katikati ya jani lililotazama juu ndilo la kuogopa.

Nilivyomshauri yule mama

Mwenye miche mingi, wafanyakazi wachache na nidhamu ya kukunja na kukunjua: neti ya asilimia 50, si 70. Anayepanda ndani ya migomba yenye afya: migomba, akikubali mche uchelewe. Yeye, ambaye shamba lake ni peupe, nilimwambia achukue kangaga, na pesa ya neti aigawe: nusu samadi, nusu mbegu za utupa, kichaka kinachokua upesi, na miche ya grevilea, mti wa kivuli. Utupa aupande shambani msimu mmoja kabla ya kahawa, ili mche ukitoka chini ya paa linalopukutika ukute kivuli kingine chepesi kinaungoja, wakati grevilea zinakua taratibu nyuma yake.

Akaniuliza atajuaje miche iko tayari kutoka. Nikamkatia uzi mwekundu wa sweta. Siku atakayoacha kuongeza kangaga, afunge uzi huo chini ya jozi ya juu kabisa ya majani kwenye miche kumi, mitano katikati na mitano pembezoni. Majani yaliyo chini ya uzi ni ya gizani, asiyategemee. Juu ya uzi zikishafunguka jozi mbili mpya, zikawa ngumu ukizikunja kidogo kwa vidole, na rangi yake haijapauka saa nane mchana, miche hiyo ibebwe shambani mvua ya kwanza ikishalowesha udongo. Miche ya pembezoni itatangulia, iende kwanza. Ile ya katikati isogezwe pembezoni, na uzi ufungwe upya.